Kusilimu: Hatua ya Kwanza, Siku za Mwanzo na Mambo ya Kuandaa Nyumbani

Kila tunapokuwa na kipindi cha maswali ya dini na jamii, swali la kusilimu halikosi. Huulizwa na kijana anayetaka kuoa upande wa pili, na mama ambaye mwanawe amerudi kutoka mjini na jina jipya. Wakati mwingine muulizaji ni mtu mzima aliyesilimu miezi mitatu iliyopita na bado hajajua aanze wapi. Hewani muda ni mfupi, ndiyo maana tumeandika makala hii uisome taratibu kwenye simu yako, uihifadhi, na umsomee asiyejua kusoma.

Lengo letu si kumwita mtu katika dini wala kumtoa. Tunaeleza jinsi jambo hili linavyokwenda: dini inasema nini, sheria ya nchi inasema nini, na wapi watu wetu vijijini hukwama.

Kusilimu maana yake nini

Kusilimu ni kuingia katika Uislamu. Mlango wake ni shahada, yaani kutamka kwa kukusudia: "Ash-hadu an laa ilaaha illallah, wa ash-hadu anna Muhammadan rasuulullah." Maana yake ni kushuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu, na kwamba Muhammad ni Mtume wake.

Hakuna ada wala mtihani, na hakuna kungoja mwaka kama mafundisho ya ubatizo. Anayetamka maneno hayo akiwa na akili timamu, anaelewa maana yake na ameyakubali moyoni, huyo ni Mwislamu tangu saa ile. Kutamka mbele ya imamu na mashahidi hufanywa ili jamii imtambue, imsaidie kujifunza, na siku akifa ajulikane alikuwa nani.

Kutahiriwa si sharti la kukubaliwa. Mwanamume ambaye hajatahiriwa anasilimu kwanza, kisha hilo linashughulikiwa hospitali au kituo cha afya kwa utaratibu. Tunalitaja kwa sababu wapo wanaume wazima wanaoahirisha jambo hili miaka na miaka kwa kuogopa kisu.

Halazimishwi mtu

Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 256, inakataza kulazimishana katika dini. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kubadili dini yake. Kwa wasikilizaji wetu walio ng'ambo ya mpaka, Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru huo katika ibara ya 32. Kwa hiyo mzazi, mume, mwajiri au kiongozi wa dini hana haki ya kumlazimisha mtu mzima aingie au asiingie.

Hapa tuseme wazi jambo linaloleta machozi mengi, nalo ni kusilimu kwa ajili ya ndoa. Wengi wanaamini kwamba mwanamke Mkristo hawezi kuolewa na Mwislamu mpaka asilimu. Sivyo. Sura ya Al-Maida aya ya 5 inamruhusu mwanamume Mwislamu kuoa mwanamke mwema wa Watu wa Kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi. Upande wa pili ni tofauti: kwa mafundisho ya Kiislamu, mwanamke Mwislamu haolewi na mwanamume asiye Mwislamu, na ndiyo maana wanaume wengi husilimu kabla ya harusi.

Wanaotaka kuoana huku kila mmoja akibaki na dini yake wanayo ndoa ya kiserikali, ile tunayoiita ndoa ya bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua, na taarifa ya kusudio la kufunga ndoa hutolewa siku 21 kabla. Ni heri kujua njia zote mapema kuliko kutamka shahada kwa ulimi huku moyo uko kwingine. Mtu wa namna hiyo mara nyingi hurudi alikotoka wakati wa ugomvi wa kwanza, na watoto ndio wanaobaki njia panda.

Siku yenyewe

Siku ya kusilimu haina mambo mengi. Mhusika huenda msikitini, au imamu humfuata nyumbani. Huulizwa kama ametaka mwenyewe. Hueleweshwa maana ya shahada kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kwao kama Kiswahili kinampiga chenga, kisha hutamkishwa neno kwa neno. Baadaye huoga josho la mwili mzima. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, wanalihesabu josho hilo kuwa sunna kwa aliyesilimu, na huwa lazima akiwa na janaba. Wengine wanasema ni lazima kwa kila aliyesilimu. Kuoga kunaondoa ubishi.

Dhambi za nyuma zinafutwa, na swala na funga za miaka iliyopita hazilipwi. Lakini haki za watu hazifutiki. Mkopo wa vikoba, mbuzi wa jirani uliyemuuza, matunzo ya mtoto uliyemkimbia: hayo unaingia nayo, na unatakiwa kuyalipa.

Miezi ya kwanza: anza na swala

Kosa tunalolisikia mara kwa mara ni kumtwika mgeni kila kitu siku moja. Leo anaambiwa asifanye hiki, kesho asivae kile, keshokutwa ajue sura kumi. Nguzo za Uislamu ni tano: shahada, swala, zaka, funga ya Ramadhani, na Hija kwa mwenye uwezo. Baada ya shahada, inayofuata kila siku ni swala.

Swala za faradhi ni tano, na rakaa zake ni hizi:
- Alfajiri: rakaa 2, kabla jua halijachomoza.
- Adhuhuri: rakaa 4, jua likishapinduka kutoka utosini.
- Alasiri: rakaa 4, mchana ukianza kuelekea jioni.
- Magharibi: rakaa 3, jua likishazama.
- Isha: rakaa 4, wekundu wa mbingu ukishatoweka.

Jumla ni rakaa 17 kwa siku.

Kabla ya swala kuna udhu. Unatia nia, unaosha viganja, unasukutua, unapandisha maji puani, unaosha uso, mikono mpaka viwiko, unapaka maji kichwani na masikioni, kisha unaosha miguu mpaka vifundoni. Maji hayahitaji kuwa mengi, kopo moja linatosha. Mahali pa kiangazi ambapo maji hayapatikani kabisa, au kwa mgonjwa anayedhurika na maji, ipo tayamamu, yaani kutumia udongo safi badala ya maji. Mwombe ustadhi akuonyeshe kwa vitendo.

Kibla ni kuelekea Makka. Ukiwa Tanga au Dar es Salaam, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Ukiwa Kigoma, unaelekea kaskazini na kupinda kidogo upande wa mashariki. Ukishamuuliza mwenyeji mara moja, weka alama ya jiwe au mti na mambo yamekwisha.

Na asiyejua bado kusoma Alhamdu? Haambiwi asiswali mpaka ajue. Mafundisho ya Mtume yanamruhusu aliye katika hali hiyo kumtaja Mungu kwa maneno mepesi, kama Subhanallah, Alhamdulillah na Allahu Akbar, huku akiendelea kujifunza. Simu ndogo yenye kadi inaweza kubeba sauti ya sura fupi, ukasikiliza ukiwa shambani au ukichunga. Kwa maana ya Qurani, Waswahili wanazo tafsiri kamili za kuaminika: ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy iliyokamilika mwaka 1969, na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani iliyotoka miaka ya 1990. Lakini sauti na kitabu havitoshi peke yake. Tafuta mtu mmoja, jirani wa karibu, unayeweza kumgongea na swali lolote bila kuona haya.

Ramadhani ikikukuta, unaanza kufunga kuanzia siku uliyosilimu. Zaka ya fedha hutolewa na mwenye akiba iliyofikia kiwango cha thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikakaa mwaka mzima wa Kiislamu. Kiasi chake ni asilimia 2.5. Aliye na akiba ya kununulia mbegu tu haimhusu. Kinyume chake, Qurani inawataja walioingia karibuni, ambao nyoyo zao zinahitaji kutiwa nguvu, miongoni mwa wanaostahili kupewa zaka.

Jina na karatasi

Je, ni lazima kubadili jina? Hapana, isipokuwa jina likiwa na maana mbaya au ya kuabudu kisichokuwa Mungu. Majina ya kikabila yenye maana njema hayana tatizo. Na jina la baba halibadilishwi: Uislamu unamtaka mtu anasibishwe na baba yake mzazi hata kama baba si Mwislamu.

Wengi hupenda jina jipya, na ni haki yao. Lakini tenga jina la kuitwa msikitini na jina la kwenye karatasi. Kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule, laini ya simu, akaunti ya benki na hati ya kiwanja vyote viko kwa jina la zamani. Ukianza kujaza fomu kwa jina jipya bila utaratibu, siku ya kudai fedha zako utaambiwa wewe si wewe. Njia ya kisheria Tanzania ni kuandaa hati ya kubadili jina kwa wakili, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, ndipo uanze kurekebisha kumbukumbu nyingine. Kama huna haja hiyo sasa, acha karatasi zako zilivyo.

Cheti cha kusilimu ni kitu kingine. Hakimfanyi mtu kuwa Mwislamu, ila kina kazi yake: kwenye kufunga ndoa, kwenye safari ya Hija kwa mwenye jina lisiloonyesha dini yake, na kwenye mirathi. Omba kwa imamu au ofisi ya BAKWATA ya wilaya, na uweke nakala kwa mtu unayemwamini.

Wazazi, chakula na salamu

Nyumba nyingi huvunjika hapa, na huvunjika kwa mambo madogo. Mtoto anarudi nyumbani, anakataa sahani ya mama yake, anaacha kumwamkia baba yake shikamoo, anaanza kuhukumu. Wazazi wanaona wamepoteza mtoto.

Dini haisemi hivyo. Sura ya Luqman aya ya 15 inamtaka Mwislamu asiwatii wazazi katika kumshirikisha Mungu, lakini akae nao kwa wema duniani. Asma binti Abubakar alipotembelewa na mama yake ambaye hakuwa Mwislamu, alimwuliza Mtume afanye nini, akaambiwa aunge udugu na mama yake. Shikamoo kwa baba na mama haijafutwa na Assalamu alaikum. Wazee wa Kiislamu wa pwani nao wamesalimiwa shikamoo vizazi na vizazi.

Kwenye chakula, ugali, maharage, mboga, samaki na maziwa ya mama yako havina shida. Visivyoliwa ni nguruwe, mfu na damu, na pombe hainywewi. Kwa nyama, desturi ya vijiji vingi vyenye dini mbili ni kumwita Mwislamu achinje ili wote wale. Mweleze mama mapema, kwa upole, na hata umletee kuku aliyechinjwa. Mama anayejua mwanawe anakula nini hupika kwa furaha. Anayeshtukizwa mbele ya wageni huumia.

Kusaidia ada ya mdogo wako, kumpeleka baba hospitali, kulima shamba la nyumbani, na kwenda kuwapa pole ndugu wakifiwa ni wajibu uleule uliokuwa nao jana.

Ndoa iliyokuwepo

Mume akisilimu na mkewe akabaki Mkristo, ndoa yao inaendelea. Mke akisilimu na mume akabaki katika dini yake, mambo ni mazito zaidi. Wanazuoni wengi wanasema wajitenge kimwili katika muda wa eda, na mume akisilimu ndani ya muda huo ndoa yao inabaki. Wapo wanazuoni wenye maelezo mapana kuliko hayo. Mwanamke aliye katika hali hii asisikilize uamuzi wa barazani. Aende kwa sheikh mwenye elimu ya ndoa kabla hajafungasha.

Na sheria ya nchi ina la kusema. Kusilimu peke yake hakuvunji ndoa mbele ya mahakama. Sheria ya Ndoa inakutaja kubadili dini kuwa moja ya mambo yanayoweza kuangaliwa kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, kwa masharti yake, lakini anayetaka talaka hupita kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakama. Vilevile, mwanamume aliyefunga ndoa ya mke mmoja hapati ruhusa ya kuongeza mke kwa kuwa tu amesilimu. Sheria inataka ndoa ile igeuzwe kwanza kwa tamko la hiari la mume na mke wote wawili, mbele ya jaji au hakimu. Tunawaambia kina mama walifahamu hili.

Mirathi na mazishi: semeni mkiwa hai

Tumeliweka jambo hili mwisho kwa sababu ndilo linaloahirishwa zaidi. Mtu amesilimu, kijijini kwao hawajui au wamejifanya hawajui. Siku anafariki, msikiti unasema azikwe leo kwa sanda na swala ya jeneza. Ukoo unasema asubiriwe kaka yake aliye mbali, liletwe jeneza, mchungaji aongoze. Maiti iko ndani, nje watu wanagombana, na mjane hana anayemsikiliza.

Ugomvi huo hupungua sana kama marehemu alisema. Andika karatasi fupi: mimi fulani, dini yangu ni hii, nikifa nizikwe hivi. Weka sahihi mbele ya mashahidi, mmoja wa ukoo na mmoja wa msikiti, na uache nakala kwa imamu na kwa mwenyekiti wa kijiji. Kisha uwaambie wazazi kwa mdomo wako. Waeleze pia kwamba maziko ya Kiislamu hayawafukuzi: wanakaa msibani, wanafuata jeneza, wanalia mtoto wao.

Kwa mirathi, fikihi inayofuatwa na wengi inasema Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Lakini inaruhusu zawadi ukiwa hai, na wasia usiozidi theluthi ya mali kwa asiye mrithi. Kwa hiyo aliyesilimu na mama yake bado ni Mkristo anaweza kumwandikia mama sehemu katika theluthi hiyo. Mahakama zetu nazo, ukitokea mgogoro, hutazama marehemu aliishi kwa mwenendo gani na alikusudia nini, ili kujua sheria ipi itumike: ya Kiislamu, ya kimila au ya serikali. Mtu aliyeishi nusu huku nusu kule bila wasia anawaachia wanawe kesi.

Neno kwa wanaompokea

Kwa ndugu wa msikitini: takbira ya siku ya kwanza haimlishi mtu wala haimfundishi. Wapo waliosilimu wakafukuzwa nyumbani, wakakaa mwezi bila mtu wa kuwauliza wamekula nini. Gawaneni kazi: mmoja amfundishe udhu na swala, mmoja amkaribishe futari na Idi, na kina mama wamshike mwanamke aliyesilimu kama binti yao. Na asiitwe "msilimu" miaka ishirini kana kwamba hatazaliwa humo kamwe.

Historia yetu ina mfano. Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa, katika nyumba ya Kiarabu. Alisoma, akafundisha, akawa kiongozi mkubwa wa twarika ya Kadiria mpaka alipofariki mwaka 1931, na Bagamoyo inamkumbuka hadi leo. Aliyeingia kama mgeni asiye na ukoo ndiye watu waliyemfuata kujifunza dini.

Kwa wazazi ambao mtoto wao amesilimu: mlango usifungwe. Muulizeni anaamini nini, mwambieni yanayowaumiza, na mwacheni aendelee kuitwa mwana. Na kwako uliyesilimu juzi: jifunze swala, lipa madeni yako, msalimie mama yako, andika wasia wako. Mengine yatakuja kwa hatua.

Kama una swali ambalo hatukuligusa, tutumie ujumbe mfupi kabla ya kipindi, nasi tutampelekea sheikh, wakili au mzee anayehusika. Si lazima utaje jina lako.